Usimamizi wa ubunifu kwa miradi ya vikundi: alama ziende kwenye maamuzi

Ndugu muulizaji, umesema umekabidhiwa somo la usimamizi wa ubunifu kwa darasa kubwa la wanafunzi wa mwaka wa tatu, na kwamba kila mwaka miradi ya vikundi huishia kwenye slaidi za kupendeza na programu ya simu ambayo hakuna aliyeiomba. Nimelifundisha somo hilo kwa miaka kadhaa katika chuo kimoja cha Nyanda za Juu Kusini, na kwa maoni yangu kasoro haianzii kwa wanafunzi, inaanzia kwenye kile tunachokitolea alama. Ukitoa alama kwa kifaa kilichokamilika, utaletewa kifaa, hata kama kimetengenezwa na fundi wa mjini aliyelipwa kwa fedha za boom, yaani posho ya mkopo wa wanafunzi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya alama za kazi za muhula naziweka kwenye daftari la maamuzi, ambamo kila wiki kikundi huandika kilichokuwa kikiamini, kilichokwenda kukikagua, kilichokikuta, na kilichoamua baada ya hapo: kuendelea, kubadili au kuacha. Aliyepinga uamuzi huo huandikwa pia, pamoja na hoja yake.

Kabla sijawaruhusu kutoka darasani, tunatumia kipindi kizima kuichambua M-Pesa, ila si kwa namna inayosimuliwa kwenye makongamano. Jaribio lake la kwanza, lililofanyika Kenya mwaka 2005 likichangiwa fedha na serikali ya Uingereza, lililenga wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo ili walipe marejesho kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kwa mambo ambayo hayakupangwa, hasa kutumiana pesa wao kwa wao, na Safaricom ilipoizindua huduma hiyo Machi 2007 ilijikita katika kutuma pesa nyumbani, huku suala la marejesho likiwekwa kando. Wanafunzi wanaifahamu huduma hiyo tangu utotoni, lakini hawajawahi kujiuliza ni nani alipaswa kuidhinisha kuachana na wazo ambalo fedha zilikwishatolewa kwa ajili yake, na alihitaji kuonyeshwa nini ili akubali. Swali hilo ndilo somo lenyewe; mengine ni mapambo.

Mfano wa karibu ni kikundi kilichochukua tatizo la nyanya za Ilula, mkoani Iringa, zinazoharibika zikiwa njiani kwenda Dar es Salaam. Walianza, kama kawaida, na programu ya kuwaunganisha wakulima na wanunuzi. Niliwataka waende kwanza kwenye eneo la kupakia wakae hapo asubuhi nzima bila kumuuliza mtu yeyote kuhusu wazo lao. Waliona tenga la mbao likijazwa hadi juu ya ukingo, nyasi zikiwekwa, kisha fito zikikazwa kwa kamba hadi nyanya za juu zianze kutoa maji. Wakarudi na wazo la kreti za plastiki, ambazo hazichubui nyanya na zinapangwa moja juu ya nyingine bila kukandamiza. Wazo lilikuwa zuri kihandisi. Dalali mmoja akawauliza swali moja tu: kreti tupu itarudije kutoka Dar, na nani atalipia? Tenga la mbao likishafika sokoni hakuna anayelifuatilia. Isitoshe, bei hupangwa kwa tenga wala si kwa kilo, hivyo mnunuzi ananufaika na ujazo ule ule unaoziponda nyanya za chini. Katika daftari lao wiki hiyo ndiyo yenye kurasa nyingi kuliko zote, kwa sababu walilazimika kuamua iwapo mradi wao ni wa kreti, wa usafirishaji wa kreti tupu au wa mizani. Waliishia kwenye amana ya kreti (fedha inayorejeshwa kreti zinaporudi) kati ya dalali mmoja na mnunuzi mmoja, jambo dogo lisilong'aa kwenye slaidi, nami niliwapa alama za juu.

Kuhusu wasindikizaji, yaani wale wanaosubiri jina lao liandikwe kwenye jalada, fomu za wanafunzi kupimana wenyewe hazijanisaidia sana, kwa kuwa hakuna anayetaka kumchongea mwenzake wa hosteli. Kinachosaidia ni mahojiano mafupi ya mmoja mmoja: nafungua ukurasa wowote wa daftari na kumwomba aliye mbele yangu aeleze kwa nini waliamua hivyo na nini kingewafanya waamue vingine. Asiyekuwapo hujulikana mapema sana. Kwa darasa kubwa kama lako, chagua wawili wa kuhojiwa kwa bahati nasibu kutoka kila kikundi, na ulitangazie darasa zima tangu wiki ya kwanza kuwa alama za wawili hao zitagusa kikundi kizima, watasukumana wenyewe.

Jambo la mwisho ni la kiutawala. Omba barua za utambulisho kabla muhula haujaanza, kwa sababu mtendaji wa kijiji au meneja wa soko hatawapokea vijana wenye madaftari bila mhuri wa chuo. Zungumza pia mapema na ofisi ya SIDO (shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo) ya mkoa wako kuhusu karakana na mafundi, ili kikundi kinachofikia hatua ya kutengeneza kitu kisianze kutafuta mahali pa kuchomelea wakati mitihani imekaribia.