Presha Imepimwa, Iko Sawa. Sasa Nini?

Shikamoo Mama. Nina miaka 31, nauza mitumba Memorial. Mwezi wa tatu, nikiwa kwenye Hiace ya Kiboriloni, moyo ulianza kudunda, pumzi ikakata, vidole na midomo vikafa ganzi, nikajua nakata roho. Hospitali wakapima presha, sukari, damu na moyo, vyote sawa. Hali imerudi tena na tena. Siku hizi natembea kwa miguu. Nina ugonjwa gani? — Mama Wawili, Pasua, Moshi

Marahaba, mwanangu. Maelezo yako yanafanana sana na shambulio la hofu. Mwili unapiga king'ora wakati hakuna hatari: adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, unahema harakaharaka mpaka kabonidayoksaidi inapungua kwenye damu, na hapo ndipo zinapotoka ganzi na kizunguzungu. Kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha hushuka. Halikuui. Kinacholikuza ni lile wazo la "nakufa": likipita kichwani, moyo unazidi kudunda, nawe unaona umepata ushahidi. Mzunguko huo aliueleza mwanasaikolojia Mwingereza David Clark mwaka 1986, na tiba ya mazungumzo inayotumika leo imejengwa kwa kiasi kikubwa juu yake.

Kinachonisikitisha zaidi kwenye barua yako ni hiyo miguu. Umeacha Hiace, kesho utaacha soko, kesho kutwa kanisa. Kila unapokwepa unajifundisha kwamba umeponea chupuchupu. Mshauri anayeijua kazi yake hatakubembeleza tu. Atakuambia uheme haraka kwa makusudi ukiwa kwenye kiti chake, uone mwenyewe ganzi inavyokuja na kuondoka. Baadaye utakaa kwenye Hiace iliyosimama stendi, halafu utapanda kituo kimoja, halafu viwili. Likikushika njiani usishuke. Toa pumzi taratibu, subiri lipite. Na acha kukimbilia kupima presha kila wiki. Umeshapimwa, inatosha.

Dawa ya moyo kwenda mbio ni ipi? — Bila jina

Maswali ya namna hii nayapata kila mara na nimechoka nayo. Hujasema umri, jinsia, wala ilianza lini. Inaweza kuwa upungufu wa damu, tezi ya shingo, homa, mimba, dawa ya pumu au mirungi. Nenda ukapimwe kwanza. Na kama kifua kinabana ukipanda ngazi, maumivu yanashuka mkononi au kupanda tayani, au unazimia, funga simu uende hospitali sasa hivi.

Mimi ni bodaboda, Ngarenaro. Rafiki alinionyesha Valium, vidonge vya kutuliza. Nikimeza kimoja asubuhi hofu haipo kabisa, ila sasa kimoja hakitoshi. Niongeze?

Usiongeze, na usiache ghafla. Hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na mwili huizoea ndani ya wiki chache tu. Ukiikata kwa siku moja hofu inarudi kwa nguvu zaidi, wengine hupata hata degedege. Mwone daktari akupunguzie kidogo kidogo. Ukichanganya na pombe unaweza kulala usiamke. Halafu unaendesha pikipiki umebeba roho ya mtu mwingine na usingizi kichwani!

Mwenye duka anayekuuzia hizo bila cheti anafanya biashara na maisha yako, na nasema hivyo nikiwa najua baadhi yao wananisoma. Dawa zinazofaa zaidi kwa tatizo hili zipo, mfano setralini. Humezwa kila siku na huchukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu, ndiyo maana wasio na subira huzikimbia. Punguza pia kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu. Mirungi acha kabisa.

Mama mkwe anasema ni mapepo, nifunge siku saba. — Sakina

Sali, dada yangu, hakuna wa kukuzuia. Ila kushinda na njaa huleta mtetemeko na kizunguzungu, nawe utadhani shambulio limeanza upya. Kiongozi wa dini anayekukataza kliniki usimtii katika hilo.

Likinishika, nipumulie kwenye mfuko wa karatasi?

Hapana. Kama tatizo ni pumu au moyo, utajiumiza.

Mimi ni mwalimu. Nikienda kliniki ya afya ya akili si nitaitwa kichaa?

Mwalimu, unangoja mpaka uanguke mbele ya darasa? Anza hospitali ya rufaa ya mkoa: Mount Meru kwa Arusha, Mawenzi kwa Moshi, au hospitali ya rufaa ya kanda ya KCMC, hapo hapo Moshi. Ulizia afya ya akili pale mapokezi bila kunong'ona. Ukimpata mshauri nasaha, muulize amesomea wapi na kama amewahi kutibu mashambulio ya hofu. Mwongozo wa matibabu wa Uingereza unapendekeza jumla ya saa 7 hadi 14 za tiba ya mazungumzo, kwa hiyo kikao kimoja cha "jipe moyo" hakihesabiki. Akikwambia tu usiwe na mawazo, tafuta mwingine.

Mke wangu akishikwa usiku nifanye nini?

Kaa naye. Ongea kwa sauti ya kawaida, mwambie litapita, hema taratibu naye afuatishe. Usimmwagie maji, usimwambie anajifanya, na usiwaamshe majirani waje kumzunguka kitandani. Asubuhi mpeleke kliniki, na uingie naye ndani akikuruhusu.