Dakika 30 za giaboksi isiyo na oili

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Nilisoma kwamba helikopta kubwa ya abiria lazima iweze kuruka dakika 30 hata giaboksi kuu ikiishiwa oili. Mbona ile S-92 iliyoanguka baharini Kanada mwaka 2009 haikufikisha hata robo saa, na cheti ilikuwa nacho?

JIBU: Kwa sababu sharti lenyewe lilikuwa na mlango wa nyuma.

Kwa kanuni za Marekani, Part 29 (sehemu inayohusu helikopta kubwa), helikopta yenye uzito unaozidi ratili 20,000 (kama kilo 9,070) na viti vya abiria kuanzia 10 hupimwa kwa Kundi A, yaani injini moja ikizima, rubani aweze ama kukatiza kupaa na kutua salama, ama kuendelea na safari. Sawa. Ila injini zote mbili hupeleka nguvu kwenye giaboksi moja inayozungusha rafadha, na hiyo haina mwenzake. Ndipo zikaja dakika 30.

Sasa soma kifungu hadi mwisho: mtengenezaji aoneshe dakika 30, isipokuwa akithibitisha kwamba kupotea kwa oili ni jambo "nadra mno". Kwetu hayo si maneno ya mtaani, ni hesabu: chini ya mara moja katika saa milioni 10 za kuruka. Katika jaribio la mwaka 2002, giaboksi ya S-92 ilikufa baada ya dakika 11 hivi. Mtengenezaji akaweka vali ya kukikwepa kipoza oili, palipodhaniwa ndipo pa kuvujia, na njia nyingine zote zikahesabiwa kuwa nadra mno. Kikombe cha chujio cha oili kilishikiliwa na stadi (boliti zisizo na kichwa) tatu za titani, ambazo zilikuwa zikichubuka kila nati zilipofunguliwa kubadilisha chujio. Tarehe 12 Machi 2009 mbili kati yake zikakatika na oili ikamwagika. Kati ya watu 18, aliokoka mmoja. Na muda kati ya oili kuisha na kuanguka? Dakika 11 hivi, kama kwenye jaribio.

Wachunguzi wa Kanada walipendekeza msamaha ule ufutwe, na Ulaya ikaandika upya kifungu hicho katika CS-29, kanuni zake za helikopta kubwa, mwaka 2018. Lakini cheti cha aina (kibali cha muundo wa helikopta) hufuata kanuni zilizokuwepo siku maombi yalipopelekwa. Kwa hiyo usiulize "ni Kundi A?" tu, uliza ilithibitishwa kwa toleo gani, kisha fungua kitabu cha rubani, ukurasa wa dharura wa kupotea kwa shinikizo la oili. Ukikuta "tua mara moja", hata majini ni hapo hapo.