Dawa mpya zitakuuliza maswali: kwa unayeanza kwenye benchi la vimelea

Wiki ya kwanza kwenye benchi la vimelea, pua yako itafanya kazi kabla ya macho. Ukifungua inkubeta asubuhi, pleti (visahani vya kuoteshea) zenye bakteria Pseudomonas zitakupokea na harufu tamu kama ya zabibu zilizoiva, na utatamani kuinua kifuniko uvute vizuri. Usithubutu. Harufu ikikufikia yenyewe sawa, lakini pleti usiipeleke puani. Hilo ndilo la kwanza ninalowaambia wadogo zangu wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo. La pili ni refu zaidi, na ndilo lililonifanya nikae niandike.

Wengi mnakuja mmesoma mambo makubwa: dawa mpya, chanjo mpya, virusi vinavyokula bakteria, mashine zinazotaja jina la kimelea kwa dakika chache. Halafu mnakabidhiwa kitanzi, taa ya spiriti na rundo la pleti, na ninaona nyuso zinavyoshuka. Nimekaa kwenye benchi hili miaka 14. Kila tiba mpya iliyotufikia, na kila iliyo njiani, inakuja na swali lile lile: bakteria wako ni nani hasa, na ana silaha gani? Jibu linatoka mikononi mwako.

Mwaka wangu wa tatu kazini ililetwa sampuli ya fundi ujenzi aliyevunjwa mguu na bodaboda. Alikuwa amefungwa vyuma, na tangu miezi minne nyuma jeraha lilikuwa linatoa usaha. Linafunga wiki mbili, linafumuka tena. Alishachomwa seftriaksoni mara tatu kwa vipindi, na katikati alijinunulia sipro duka la dawa, akameza siku tatu akaacha. Kilichonifikia kilikuwa pamba iliyopanguswa juu ya kidonda. Nikaotesha, wakaota bakteria wa aina tatu, nikamchukua aliyekuwa mwingi nikampima dawa. Kesho yake duara la wazi, pasipoota bakteria, kuzunguka diski ya meropenemu (kikaratasi chenye antibayotiki hiyo) lilikuwa na milimita 24. Pana, la kupendeza. Ila ndani yake kulikuwa na vikoloni vinne, yaani vishada vya bakteria, vidogo kama chembe za sukari. Nikajisemea ni uchafu umeingia. Nikaandika S, yaani dawa inamweza, nikasaini.

Siku ya tano daktari wa upasuaji alishuka mwenyewe maabara. Mgonjwa anazidi kuungua homa. Safari hii alikuja na vipande vitatu vya mfupa alivyovitoa mwenyewe chumba cha upasuaji, kila kimoja kwenye chupa yake. Kwenye vyote vitatu akaota bakteria mmoja yule yule, Klebsiella, na kuzunguka meropenemu hapakuwa na duara kabisa. Ameota mpaka ukingoni mwa diski.

Siku tano zile ni zangu, na sijazisahau. Vile vikoloni vinne vilikuwa vinaniambia jambo. Ukiviona, usipime duara la nje ukaenda kunywa chai. Chukua kikoloni kimoja, kioteshe peke yake kwenye pleti safi, mtambue, mpime upya. Ikiwa ni mchafuzi utamjua. Ikiwa ni yule yule mwenye usugu, umemwokoa mtu. Na pamba iliyopita juu ya kidonda cha siku nyingi huokota wapita njia. Piga simu wodini, omba usaha uliovutwa kwa sindano au kipande cha nyama ya ndani. Utaambiwa unasumbua. Omba tena, kwa adabu.

Kulikuwa na somo jingine mle ambalo hata majibu sahihi yasingelitatua. Bakteria wanaokaa juu ya chuma hawaelei mmoja mmoja. Wanajishikiza, wanatoa ute, wanajenga utando kama ule unaoteleza ndani ya ndoo ya maji isiyosuguliwa. Ndani ya utando wengine wanalala tu, hawagawanyiki, na dawa nyingi huua bakteria anayekua. Pleti yetu inapima wale walio huru. Ndiyo maana unaweza kuandika S ya kweli kabisa na mgonjwa asipone, mpaka chuma kitoke na mfupa usafishwe. Kwa yule fundi ndivyo ilivyokuwa: vyuma vilitolewa, akapewa dawa kwa majibu ya pili, akalala wodini wiki nyingi. Nilimwona siku anaruhusiwa, anatembea kwa magongo. Kwa hiyo fomu ikiandikwa kwamba mgonjwa ana chuma, mpira wa mkojo au mrija wa mshipa, itaje kwenye majibu yako. Daktari aliyechoka usiku anahitaji kukumbushwa.

Mambo ya kila siku nitayapitia haraka, maana mtayafanya mpaka myaote usingizini. Damu ya kuotesha itolewe kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki, mililita 8 hadi 10 kwa chupa ya mtu mzima, na ikiwezekana sehemu mbili tofauti za mwili. Chupa iliyokuja na mililita 2 itakudanganya. Mkojo ufike ndani ya saa mbili au uwekwe kwenye friji. Agari, jeli ya kuoteshea, ya kupimia dawa iwe na kina cha milimita 4: ikiwa nyembamba duara litapanuka na utasema dawa inafaa wakati haifai. Maji ya bakteria yakiwa mazito kupita McFarland 0.5, kiwango cha ukungu tunacholinganishia, duara litasinyaa, utamnyima mgonjwa dawa ambayo ingemtibu. Na bakteria wa kudhibiti ubora, E. coli yule wa ATCC 25922, apimwe hata siku ambayo foleni ya sampuli imefika mlangoni. Hasa siku hiyo.

Sasa dawa mpya. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha mchanganyiko wa seftazidimu na avibaktamu, na watu wakashangilia kwa haki, kwa sababu unawaweza Klebsiella wengi waliozishinda karbapenemu, kundi la meropenemu. Lakini avibaktamu inazuia baadhi ya vimeng'enya ambavyo bakteria huvunjia dawa, mfano KPC na OXA-48, na haiwezi kitu mbele ya NDM, kile kilichopewa jina la New Delhi. NDM kimeshaonekana Kenya, Tanzania na Uganda. Kwa bakteria wa namna hiyo njia iliyofunguka ni kuunganisha avibaktamu na aztreonamu: NDM hakiwezi kuivunja aztreonamu, na avibaktamu inawashikilia vimeng'enya wenzake. Ulaya waliidhinisha mchanganyiko huo 2024. Unaona kinachotakiwa? Kuandika kwamba karbapenemu hazifanyi kazi hakutoshi tena. Daktari atakuuliza ni kimeng'enya gani. Kuna dawa nyingine, sefiderokoli, inayojibandika kwenye madini ya chuma ili bakteria aibebe mwenyewe hadi ndani akidhani amepata chakula. Ukiipima kwenye mchuzi, yaani maji ya virutubisho ya kuoteshea, sharti mchuzi huo uwe umeondolewa chuma kwanza, la sivyo namba utakayosoma haina maana.

Kifua kikuu sugu kinaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kubadilika. Mliozaliwa juzi hamkuwaona wagonjwa waliochomwa kanamaisini kwa miezi, wakapona kifua wakapoteza masikio, matibabu yakichukua miezi 18 au zaidi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza BPaLM, yaani bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini, vidonge tu, miezi 6. Kipimo kikionyesha usugu kwa kundi la moksifloksasini, ile M inaondolewa. Herufi moja kwenye jina la tiba inategemea majibu ya maabara.

Kuna wakati upya haumo kwenye molekuli. Watoto wachanga wenye maambukizi ya damu kwa miaka mingi wameanzishiwa ampisilini na gentamaisini, na Klebsiella wa wodi zetu za watoto wengi wamezizoea. Utafiti unaoitwa NeoSep1, ulioanza 2024 Afrika Kusini na Kilifi nchini Kenya, unachukua dawa za zamani, fosfomaisini, flomoksefu na amikasini, na kuzipanga mbili mbili kuona ni jozi gani itawaokoa watoto hawa. Nimeufuatilia kuliko utafiti mwingine wowote, kwa sababu najua chupa ndogo za damu ya watoto wachanga zinavyofika kwetu, na jina la mgonjwa limeandikwa "Mtoto wa" fulani kwa kuwa bado hajapewa lake.

Wodi hiyo hiyo ndiyo iliyonifundisha kinga. Siku moja nikiwa najaza daftari niliona Klebsiella watatu kutoka kwa watoto watatu ndani ya siku sita, maduara yao yakilingana dawa kwa dawa. Nilipanda ngazi nikamwambia matroni. Tukazunguka pamoja na pamba zetu: sinki, mikono, mashine za joto. Tulimpata kwenye chupa ya maji ya chumvi iliyokuwa ikitumika kuyeyushia dawa za watoto wote, imechomekwa sindano ya kudumu juu yake. Kuanzia siku hiyo kila mtoto akawa na kichupa chake, na Klebsiella yule hatukumwona tena. Hakuna dawa mpya iliyotumika. Kwa hiyo msiandike majibu kama karani. Pindueni kurasa za nyuma, mlinganishe.

Na chanjo. Mwaka 2016 mkoa wa Sindh, Pakistan, ulianza kupata taifodi iliyoshinda aina tano za dawa, seftriaksoni ikiwemo. Katika vidonge ikabaki azithromaisini. Maabara ndizo zilizopiga kengele, kwa kuotesha damu, na 2019 Pakistan ikawa nchi ya kwanza kuingiza chanjo mpya ya taifodi kwenye ratiba ya watoto. Kenya ilianza kuitoa 2025. Mtoto aliyechanjwa mara nyingi haugui, haandikiwi sipro, na bakteria wanakosa shule ya kujifunzia usugu. Hapa niseme wazi juu ya Widal, kile kipimo cha haraka cha taifodi. Nimechoka kuona watu wazima wenye homa ya siku mbili wanaambiwa "una taifodi" kwa tone la damu lililoganda kwenye kioo, wanarudi nyumbani na mfuko wa antibayotiki. Kipimo kile kinakosea mno kwetu, ambako wengi tumeshakutana na Salmonella, ukoo wa bakteria wa taifodi, wa aina fulani. Ukiombwa Widal, mpigie mwombaji umshauri kuotesha damu. Wachache watakubali. Endelea kupiga.

Nimewaachia mwisho lile mnaloniuliza kila mwaka: faji, virusi vinavyoshambulia bakteria. Si jambo la jana. Félix d'Hérelle alivipa jina Paris mwaka 1917, na Tbilisi, Georgia, kuna taasisi iliyoanzishwa 1923 inayovitumia kutibu hadi leo. Antibayotiki zilipojaa, nchi nyingi zilivisahau. Kisha 2016 huko San Diego, Tom Patterson, aliyekuwa mahututi kwa bakteria Acinetobacter asiyesikia dawa, alipewa faji kwenye mshipa akazinduka, na dunia ikaanza kuuliza upya.

Faji huchagua sana. Anayemuua Klebsiella wa mgonjwa huyu anaweza asimguse wa kitanda cha pili. Kwa hiyo lazima bakteria wa mgonjwa mwenyewe aoteshwe akiwa safi, atandazwe pleti nzima, kisha yadondoshwe matone ya faji mmoja mmoja. Kesho yake unatafuta tobo: mahali palipo wazi katikati ya ukungu wa bakteria. Jicho lililozoea kusoma maduara ya diski halitapata shida hapo, na vikoloni vidogo ndani ya tobo vina maana ile ile niliyoilipia kwa siku tano za fundi.

Kisa kimoja nakipenda kuliko vyote. Mwaka 2010 Lilli Holst, mwanafunzi wa Durban, alichukua sampuli kutoka upande wa chini wa biringanya lililooza, akapata faji aliyeitwa Muddy. Aliingia kwenye mkusanyiko wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, kati ya faji zaidi ya 10,000 waliotafutwa kwa sehemu kubwa na wanafunzi, akakaa kwenye friza. Miaka minane baadaye msichana wa miaka 15 jijini London, aliyepandikizwa mapafu, alikuwa anaisha kwa bakteria Mycobacterium abscessus. Timu ya Graham Hatfull huko Pittsburgh ikafungua mkusanyiko wake. Muddy akawa mmoja wa faji watatu waliochaguliwa, wawili wengine wakirekebishwa jeni zao ili waue vizuri, na taarifa iliyochapishwa 2019 inaeleza jinsi vidonda vilivyofunga na ini lilivyosafika. Alipata nafuu kubwa. Hakuambiwa amepona kabisa. Lakini fikirini ile chupa: kama Durban isingeandikwa, kama tarehe ingefutika, kama mtu angesema "hiki kimekaa sana, tupeni"?

Kwa hiyo kila bakteria sugu unayempata, mhifadhi. Gliseroli, nyuzi 80 chini ya sifuri, namba ya maabara, aina ya sampuli, tarehe, kwa kalamu isiyofutika na kwa mwandiko ambao mwenzako ataweza kuusoma wewe ukiwa umehamishwa. Jina la mgonjwa lisiwe kwenye kichupa. Umeme ukikatika, wewe ndiye wa kwanza kuuliza jenereta.

Klebsiella wa yule fundi bado yupo kwetu, sanduku la tatu, safu ya pili. Nilimtandaza upya mwezi uliopita kwa ajili ya wanafunzi wapya. Akaota vizuri, mpaka ukingoni mwa diski.