Wasomaji Wanauliza: Kisiwa cha Mombasa kimetoka ngazi-ngazi

Mwezi uliopita tuliwauliza: mngeruhusiwa kuongeza kitu kimoja kwenye kihariri cha ramani cha Cities: Skylines, mchezo wa kompyuta wa kujenga miji, mngeongeza nini? Karibu kila barua iliyorudi inataka kitu kilekile, Mombasa ndani ya mchezo, ila kila mmoja amekwama mahali pake. Mengine mnayoyaomba yamo tayari, yamejificha tu. Mengine hayamo, na tutasema hivyo bila kuzunguka.

Assalam alaykum wahariri. Nimeingiza picha ya miinuko ya Mombasa (ya kijivu, kivuli ndicho kimo), kisiwa kikatoka kama ngazi za ghorofa. Kuanzia Kizingo hadi Tononoka ni madaraja matupu. Naomba burashi ya kulainisha ramani nzima kwa mpigo mmoja. – Msomaji, Tudor

Waalaykum salaam. Burashi hiyo ingeuficha ugonjwa tu, haingeutibu. Picha yako ni ya biti 8. Mchezo unapima kimo kuanzia mita 0 hadi 1024, na picha ya biti 8 ina vivuli 256 tu vya kijivu. Gawanya: kila kivuli ni mita 4. Ramani ya milima ya Taita ingekusitiri, maana mteremko mkali hauonyeshi ngazi. Sehemu kubwa ya kisiwa chetu haifiki mita 30 juu ya bahari, kwa hiyo kisiwa kizima kimegawiwa vivuli saba au vinane. Hizo ndizo ngazi zako.

Dawa ni picha ya biti 16. Hiyo ina vivuli 65,536, yaani vivuli 64 kwa kila mita moja. Usiitengeneze kutoka kwenye picha uliyopiga ya skrini. Tafuta faili la data zenyewe za miinuko. Zile za bure zinazotumiwa sana zilipimwa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000, kwa vipimo vya takriban mita 30. Kata mraba wa kilomita 17.28 ukitumia QGIS, programu ya ramani ambayo ni bure, kisha ligeuze faili kwa amri hii ya programu ya GDAL:

gdal_translate -ot UInt16 -scale -40 984 0 65535 -outsize 1081 1081 -of PNG mombasa.tif mombasa.png

Kwa nini -40 na 984? Bahari ya kihariri hukaa mita 40 usipoigusa. Amri hii inaipandisha nchi nzima mita 40, ili sifuri ya data ikae sawa na usawa wa maji ya mchezo. Na 1081 si kosa la chapa. Ni kama nguzo za ua: nguzo 1081 zina nafasi 1080 katikati yake, kila nafasi mita 16, jumla mita 17,280. Ukitaka unyofu kamili, geuza data kwanza ziwe za UTM (mfumo wa ramani unaopima kwa mita) kanda ya 37 Kusini. Usipogeuza, huku kwetu karibu na Ikweta upana unapotoka kidogo tu, na hakuna atakayekudai.

Faili liweke kwenye folda la Colossal Order (watengenezaji wa mchezo) ndani ya AppData\Local, kisha Cities_Skylines, Addons, MapEditor, Heightmaps. AppData imefichwa na Windows. Wengi wanaolalamika kwamba picha haionekani kwenye orodha wameiweka Documents.

Sasa angalia maji. Chombo kile hakikupima chini ya bahari, kwa hiyo Kilindini yote itakuja bapa kwa mita 40, sawasawa na uso wa maji, na bahari yako itakuwa utando tu. Ichimbe kwa mkono katika programu ya picha ya GIMP toleo la 2.10 au la baadaye, ukiwa kwenye biti 16. Mkondo wa meli wa mita 15 ni kimo cha mita 25, nayo ni kivuli namba 1600. Unapohifadhi chagua 16bpc GRAY, la sivyo ngazi zinaweza kukurudia. Halafu pita mikokoni, Tudor na Port Reitz. Rada ya chombo kile ilipima vichwa vya miti, si matope, na bila kurekebisha utapata vilima vya mita kadhaa mahali ambapo mvuvi anatembea maji yakiwa magotini.

Ukikosa kabisa data na unayo ile picha ya biti 8 tu, ibadilishe iwe ya biti 16 kisha uitie ukungu kwa kichujio cha Gaussian Blur cha pikseli 4. Ngazi zitaondoka. Ukingo wa pwani nao utalainika, na jabali lililobeba Fort Jesus litakuwa mteremko wa mchanga.

Bahari ya mchezo haipwi! Ningeongeza maji kujaa na kupwa, bamvua na maji mafu. – Msomaji, Mji wa Kale

Nasi tungepiga kura hiyo. Hakimo. Usawa wa bahari ni namba moja kwa ramani nzima, haina saa wala mwezi. Kwa mtu wa bara hilo si tatizo. Kwetu, ambako bamvua inapita mita 3 kati ya kujaa na kupwa, ni nusu ya sura ya pwani.

Linalowezekana ni kuchagua wakati mmoja wa siku. Acha 40 kama maji ya katikati. Ukitaka miamba na fungu la mchanga la Nyali vionekane, shusha hadi 38.5, kisha bonyeza kitufe cha kurudisha maji kwenye usawa wa bahari. Bila kitufe hicho maji yatabaki yamenaswa kwenye mabonde, na utadhani mchezo umeharibika. Hifadhi ramani mbili, moja ya kila maji. Bahari kupanda na kushuka mji ukiwa unaendelea, hilo lingekausha pampu za maji safi zilizojengwa ufukweni na kufurikisha mitaa ya chini kila siku. Anayeliomba aombe pia pampu zenye mabomba marefu.

Nataka feri ya Likoni ibebe magari. Nimenunua nyongeza ya usafiri, feri inabeba watu tu. – Msomaji, Likoni

Ndivyo ilivyo. Nyongeza ya Mass Transit ya 2017 ilileta feri za abiria, gari halipandi. Weka kituo kila upande kwa ajili ya watu, na magari yapitishe njia ya chini ya maji au uyazungushe Dongo Kundu kama barabara ya kweli. Kwenye kivuko bahari ina upana wa karibu nusu kilomita, sawa na pikseli 31, kwa hiyo nafasi ya kuingia na kutoka chini ya maji ipo.

Magari yanapita kulia. Tufanyeje? – Msomaji, Bamburi

Unapoanza mji mpya, kwenye ukurasa wa kuchagua ramani, kuna kisanduku cha kuendesha upande wa kushoto. Kitie alama kabla hujaingia. Kisha kagua mishale ya barabara za njia moja pale zinapotoka ukingoni mwa ramani.

Bandari yangu haipati meli, na mji wangu hautoki nje ya kisiwa. Kihariri kingetuonya mapema. – Msomaji, Changamwe

Haya ni mawili. La meli: njia ya meli huchorwa na mtengeneza ramani, na mchezaji hawezi kuihamisha. Ukiichora hadi mlangoni tu ukaiacha hapo, hakuna gati la ndani litakaloungana nayo. Ipitishe mkondo wote hadi mbele ya Kilindini (jina lenyewe linakwambia maji ni marefu), na isikae mbali na ukingo mahali unapotaka gati.

La pili ni vigae, yaani viwanja ambavyo mchezaji hununua ili ajenge. Ramani ina vigae 81, kila kimoja kilomita 1.92 kwa 1.92. Bila modi (programu ya ziada ya kubadilisha mchezo) mchezaji hununua 9 tu, tena kati ya 25 vya katikati. Vigae 9 vikikaa mraba ni kilomita 5.76 kila upande, na kisiwa kinaingia humo bila kubaki nafasi kubwa. Ukiweka kitovu katikati ya mji, uwanja wa ndege wa Moi unaangukia ukingoni kabisa, huku mashariki umejaza bahari isiyojengeka. Sogeza kitovu magharibi kilomita 2 au 3. Anayetaka zaidi atumie modi inayofungua vigae vyote.

Na Makupa usiisahau. Data ni za 2000, wakati pale palikuwa na tuta lililoziba maji. Tuta limeondolewa na daraja limefunguliwa 2022. Chimba pikseli tatu au nne, ushushe hadi chini ya 40, ndipo maji ya Tudor na Port Reitz yakutane, halafu pitisha daraja juu.

Ombi langu ni kitufe cha kutengua. – Msomaji, Kisauni

Kwa ardhi kipo. Kwa barabara na miti hakipo, na hapa tunakubaliana nawe bila masharti: ukimwaga minazi kwa burashi kubwa kimakosa, utaing'oa mwenyewe, na idadi ya miti ina kikomo cha 250,000. Hifadhi kwa jina jipya kila baada ya kazi moja: mombasa_07_maji, mombasa_08_barabara.

Umeuliza pia kama uhamie Cities: Skylines II. Picha yake ni 4096 kwa 4096 juu ya kilomita 14.336, yaani mita 3.5 kwa pikseli. Data zako ni za mita 30. Utapata pikseli nyingi zaidi zinazorudia habari ileile, na eneo la kuchezea likiwa dogo kwa karibu kilomita 3 kila upande. Kama ni kwa ajili ya undani wa pwani, subiri upate vipimo vilivyo bora.