Okidi Haitaki Udongo: Makumbi, Mkaa na Magome Katika Joto la Dar es Salaam

Wageni wanaoziona okidi zangu barazani, hapa Tabata, huniuliza swali moja: nimetumia udongo gani? Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi pia, na muuza miche niliyemuuliza alinijibu kwa moyo mweupe kwamba nichanganye udongo mweusi na samadi, kama afanyavyo mtu anayepanda mawaridi. Nilifanya hivyo. Katika muda wa majuma matatu majani ya chini yaligeuka manjano, na siku nilipoushika mmea ili niutazame, ulitoka mkononi bila upinzani wowote, kwa sababu mizizi yote ilikuwa imeoza na kubaki nyuzi tupu. Ulikuwa ni zawadi ya dada yangu siku nilipohamia nyumba hii, na uchungu wa kuupoteza ndio ulionisukuma kujifunza kwa makini mambo ninayoyaandika leo.

Okidi ninayoizungumzia ni ile yenye majani mapana na manene, na maua yaliyopangana kwenye kikonyo kirefu kilichopinda. Kitaalamu inaitwa Phalaenopsis, jina ambalo mtaalamu wa mimea Carl Ludwig Blume aliliunda mwaka 1825 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kitu kinachofanana na nondo, yule mdudu wa jamii ya kipepeo, na ndiyo maana mimi huiita okidi nondo. Asili yake ni misitu yenye joto na unyevu ya Asia, ikiwemo ya Ufilipino na Indonesia, hadi kaskazini mwa Australia, na huko nyingi haziishi ardhini. Hujishikiza kwenye magome ya miti, mizizi ikiwa wazi hewani. Mizizi hiyo imevikwa tabaka la seli zilizokufa, laini mithili ya sponji, linaloitwa velameni. Mvua inaponyesha, tabaka hilo hufyonza maji kwa muda mfupi na mzizi hugeuka kijani. Likikauka, mzizi hurudia rangi yake ya fedha. Mzizi wa namna hii ukifukiwa katika udongo ulioshikamana haupati nafasi ya kukauka, hukosa hewa, na kuvu wa kuozesha huuingia kwa urahisi. Tusiichanganye na okidi za Hifadhi ya Kitulo, wala na zile ambazo viazi vyake huchimbwa nyanda za juu kusini kwa ajili ya chikanda, chakula cha Wazambia kinachopikwa kwa viazi hivyo, kwa kuwa hizo ni za ardhini na maisha yake ni mengine kabisa.

Kazi ya kitu cha kupandia, basi, ni kuushika mmea usianguke na kuyaweka maji kwa muda unaoutosha mzizi kunywa, kisha kuyaachia ili hewa ipite. Muda huo ndio kiini cha uchaguzi wote. Maelekezo mengi tunayoyasoma yameandikwa na watu wa nchi ambazo nyumba hupashwa moto wakati wa baridi na hewa ya ndani huwa kavu kama ya Dodoma mwezi wa Septemba, na kwa hiyo husifu vitu vinavyotunza maji kwa muda mrefu. Sisi wa pwani tunaishi katika hewa ambayo yenyewe imebeba maji, na katika masika, kuanzia Machi hadi Mei, hata shuka lililoanikwa linaweza kulala kambani bila kukauka. Mtu wa Dar es Salaam anapochagua, ajiulize kwanza maji yatatokaje chunguni kwake, ndipo afikirie yatakavyoingia.

Kwa sababu hiyo sipendekezi sfagnamu kwa anayeanza. Huu ni mmea mdogo wa vinamasi vya nchi za baridi ambao hukaushwa na kuuzwa ukiwa mwepesi kama sufi, na ndio unaokutwa umezungushiwa mizizi ya okidi nyingi zinazoingizwa nchini. Unaweza kushika maji hadi mara 20 ya uzito wake, na ukikandamizwa chunguni, katikati hubaki majimaji hata pale juu panapokauka na kumdanganya mwenye mmea amwagilie tena. Nilipoteza mimea miwili kwa kosa hilo, ya pili ikiwa ndiyo kwanza imefungua maua. Siku hizi, nikinunua okidi iliyofungwa hivyo, husubiri maua yaishe, kisha huutoa mfungo wote, pamoja na kile kibonge kigumu kinachojificha katikati ya mizizi, ambacho watu wengi hawakioni.

Kitu kilichoniokoa kipo kila mahali katika mji huu, nacho ni makumbi ya nazi. Nilianza kwa pupa, nikakusanya makumbi yaliyorundikwa karibu na pwani, nikayakatakata na kupanda siku iyo hiyo, na ncha za mizizi mipya zikaungua na kuwa nyeusi. Jirani yangu, bibi mmoja mwenyeji wa Unguja, ndiye aliyenieleza sababu. Nilimwamkia shikamoo huku nikiwa nimeushika ule mmea, akautazama na kusema, “Marahaba mwanangu. Hayo makumbi umeyaosha? Sisi tulikuwa tukiyafukia pwani tupate usumba, nyuzi za kusokotea kamba, hivyo najua chumvi inavyoyaingia.” Hata makumbi ambayo hayajagusa bahari yana sodiamu na potasiamu nyingi kwa asili yake, na okidi nondo haivumilii chumvi mizizini.

Tangu siku ile nafuata utaratibu ambao sijauacha. Huchukua makumbi ya nazi kavu zilizokomaa, kwa sababu yale ya madafu ni mabichi, yana utomvu mwingi na huoza upesi. Huyalowesha usiku mmoja yalainike, huyakata kwa panga vipande vya sentimita 1.5 hadi 2, kisha huviweka katika ndoo ya maji kwa saa 24. Maji hutoka na rangi ya chai ya rangi. Huyamwaga, huviosha na kuviloweka upya, mara tatu au nne, mpaka maji yawe karibu meupe. Mara moja katika hizo huweka mbolea ya kalsiamu naitreti, ile inayouzwa katika maduka ya pembejeo kwa wakulima wa nyanya, kijiko kimoja cha chai kwa lita 2, kwa kuwa kalsiamu huisukuma nje ile sodiamu iliyong'ang'ania ndani ya nyuzi, halafu husuuza tena. Unga wa makumbi unaodondoka wakati wa kukata huupeleka kwenye mboga. Ukibaki katika chungu cha okidi huziba mianya yote na kushika maji kama tope, na kosa hili hulifanya hata mtu aliyeosha vizuri lakini hakuchekecha.

Makumbi peke yake, hata hivyo, kwangu hukaa na maji kupita kiasi wakati wa mvua, na hapo ndipo mkaa unapoingia. Mkaa wetu wa kawaida wa miti unafaa sana, kwa kuwa hauozi, hauna chumvi ya kutisha na huacha nafasi kubwa za hewa. Huchagua vipande vigumu vya ukubwa wa kidole gumba, huvichekecha vumbi litoke, na huviloweka siku nzima kwa sababu mkaa mkavu huelea na hukataa maji mwanzoni. Usitumie mabaki ya jikoni yaliyodondokewa na mafuta, wala mkaa wa kufinyanga ambao viungio vyake huvijui. Mkaa una udhaifu mmoja: hukusanya chumvi za mbolea na za maji kadiri muda unavyokwenda. Mwenye kutumia maji ya kisima, ambayo katika sehemu nyingi za jiji yana chumvichumvi, atauona ukungu mweupe ukitanda juu ya vipande. Mimi hukinga maji ya mvua katika pipa na kuyatumia kusuuza chungu mara moja kwa mwezi.

Magome ya misonobari, ambayo wengi tunaiita mipaini, ndiyo yanayotumiwa zaidi duniani kwa okidi hizi, nayo ni mazuri. Miti hiyo tunayo kwa wingi katika mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, na mimi nilipata gunia kwa fundi anayeagiza mbao kutoka huko. Ugumu wake ni kwamba magome mabichi yana utomvu na yanahitaji kukaa miezi kadhaa au kuchemshwa kwanza. Maranda na unga wa mbao visitumike badala yake, na mabaki ya nguzo au mbao zilizotiwa dawa ni sumu.

Kwa okidi za barazani, ambapo upepo unapita na mvua hurushwa, nachanganya sehemu mbili za makumbi na sehemu tatu za mkaa, na nikipata magome naongeza sehemu moja. Dada yangu anaishi kwenye nyumba ya ghorofa Upanga na hulala na kiyoyozi. Kiyoyozi hukausha hewa, na mchanganyiko wangu ulikuwa ukimkaukia kwa siku mbili tu. Kwake tuligeuza: makumbi sehemu nne, mkaa sehemu moja, vipande vikiwa vidogo kidogo, na mizizi yake sasa inajaa chungu. Jambo hili naliona kuwa la muhimu kuliko jina la kitu chochote unachonunua, maana mchanganyiko uleule unaweza kuuua mmea mmoja kwa maji na mwingine kwa kiu.

Kuhusu chungu, napenda cha plastiki kinachopitisha mwanga, na chupa ya maji ya lita 1.5 iliyokatwa na kutobolewa kwa msumari wa moto chini na ubavuni inatosha kabisa. Ukutani mwake utaiona mizizi: ikiwa ya kijani, subiri, ikiwa ya rangi ya fedha, mwagilia. Kama chungu hakionyeshi, chomeka kijiti cha mshikaki hadi katikati, kiache dakika 10, kisha kiguse mdomoni, kwani mdomo hutambua unyevu kuliko kidole.

Katika joto letu makumbi huanza kulainika na kunuka kama udongo wa chini ya majani baada ya miaka miwili hivi, na hapo hubadilisha bila kungoja mmea uonyeshe dalili. Hufanya kazi hiyo maua yakishaanguka, na kama ninaweza kuchagua, mwezi wa Juni, mvua za masika zikiwa zimekwisha. Hukata mizizi iliyolegea kwa mkasi uliopitishwa motoni, hufunga shina kwenye kijiti kwa uzi ili mmea usitikisike na kuvunja ncha mpya, na huuweka kivulini bila maji kwa siku tatu ili majeraha yakauke. Mbolea huirudisha pale tu ninapoiona ncha ya kijani ya mzizi mpya ikigusa ukuta wa chungu kwa ndani.