Saa ya kiwandani na Sabato: maswali yenu kuhusu Wayahudi wa New York

Safari iliyopita niligusia kidogo tu Wayahudi waliohamia Marekani, nikasema kilichowatoa wengi kwenye dini sio ubishi wa wasomi, ni saa ya kiwandani. Basi hapo ndo nikachokoza nyuki. Nimechukua maswali machache nijibu, yaliyojirudia nimeyaunganisha.

Walitoka wapi hawa na walikimbia nini?

Wengi walitoka Urusi ya wafalme, ambayo enzi hizo ilishika na sehemu kubwa ya Poland, wengine Romania na Austria-Hungary. 1881 Tsar Alexander II akauawa, lawama wakabebeshwa Wayahudi, ghasia zikaanza, maduka yakavunjwa na watu wakapigwa. Lakini usisahau na njaa, maana Urusi ilikuwa imewabana wakae maeneo fulani tu na kazi kibao wamezuiwa. Toka hapo mpaka 1924, Marekani ilipopitisha sheria ya kubana wahamiaji, waliingia kama milioni 2 hivi, wengi wakabanana Lower East Side pale New York. Chumba kimoja kina familia, kina mpangaji, kina na cherehani.

Unasema Jumamosi ndo iliwashinda. Si wangepumzika tu siku yao?

Hapa ndo penyewe. Sabato inaanza Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi usiku, na sio kupumzika kwa kujinyoosha kwenye kochi, ni kwamba huwashi moto, hushiki hela, hushiki sindano. Sasa viwanda vya nguo vilikuwa vinafanya kazi siku sita na Jumamosi imo, halafu Jumapili sheria inakataza biashara nyingi kufunguliwa, kwahiyo ukishika Sabato yako unapoteza siku mbili wakati mwenzako kapoteza moja. Na mwenye nyumba anataka kodi kamili, hana habari na Musa.

Watu wakatafuta vichochoro. Wengine walisukuma mikokoteni mtaa wa Hester wakiuza samaki na vifungo, maana mkokoteni ni wako, unaupaki ukitaka. Wengine walichukua vipande vya nguo wakashonea nyumbani, wengine wakatafuta bosi Myahudi anayefunga Jumamosi. Hata huyo bosi Myahudi usimwamini sana bana. Kile kiwanda cha nguo cha Triangle, hapo hapo New York, kilichoungua 25 Machi 1911, wenye kiwanda walikuwa Wayahudi, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Jioni, karibu na kutoka, moto ukashika mabaki ya vitambaa, mlango mmoja wa ghorofa ya tisa umefungwa kwa ufunguo, wakafa watu 146, wengi wasichana wa Kiyahudi na Kiitaliano. Mimi nikifika hapo kwenye hii historia huwa nanyamaza kwanza.

Na chakula je, waliacha kosha, yaani chakula kinachoruhusiwa na sheria ya dini yao?

Inategemea unamuongelea nani. Wayahudi wa Kijerumani waliotangulia walikuwa washachangamka zamani. 1883 kule Cincinnati chuo chao cha marabi kilifanya sherehe ya wahitimu wa kwanza, mezani wakaletewa kamba, kaa na miguu ya vyura, yaani vyote haramu, na baadhi ya marabi wakainuka wakaondoka. Hebu fikiria harusi ya Kiislamu halafu sinia ya pilau inakuja na kitimoto juu.

Lower East Side ilikuwa habari nyingine. Mei 1902 nyama ya kosha ikapanda kutoka senti 12 mpaka 18 kwa ratili, wakinamama wakasema hainunuliwi. Wakaingia buchani, wakatupa nyama barabarani, wakaimwagia mafuta ya taa, polisi wakawakamata. Jumamosi wakaingia na kwenye masinagogi wakasimamisha usomaji wa Torati, na hiyo sio fujo tu, kuna mila ya kale kwamba aliyedhulumiwa anaweza kusimamisha usomaji mpaka asikilizwe. Bei ikashuka mpaka senti 14. Sasa niambie hao walikuwa wameiacha dini au wamejifunza migomo ya Kimarekani? Mimi naona vyote viko kwenye kapu moja.

Ni kweli majina yao yalibadilishwa na makarani wa Ellis Island, kile kisiwa cha New York walikopokelewa wahamiaji?

Hapana, hiyo ni stori ya vijiweni. Makarani walifuata orodha ya abiria iliyoandikwa kule meli ilikotoka, tena pale walikuwepo wakalimani. Majina walibadilisha wenyewe baadaye, wengine mahakamani, wengine wakaanza tu kujiita, kwa sababu ya kazi au kwa sababu mwalimu wa mtoto anajing'ata ulimi.

Watoto waliongea lugha gani nyumbani?

Mama anaongea Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, mtoto anajibu Kiingereza. Ukitaka kujua nyumba hizo zilikuwaje tafuta gazeti la Forverts la Abraham Cahan, lililoanza 1897 kwa Kiyidi. 1906 likaanzisha safu ya barua, Bintel Brief, kama hii hii tunayofanya hapa, watu wanauliza mambo ya ndoa, ya watoto wanaowaonea wazazi haya, ya dini na siasa kugongana ndani ya nyumba moja. Gazeti hilohilo lilikuwa linatoa na picha za waume waliotoroka wake zao! Mambo ya kuzamia hayajaanza leo.

Afrika Mashariki hawakufika?

Walifika, wachache. 1903 Uingereza ilitaka kuwapa Wazayuni, yaani Wayahudi waliokuwa wakitafuta nchi yao wenyewe, ardhi Uasin Gishu, Kenya ya leo, ingawa mpango ulibatizwa jina la Uganda. Wakatuma watu kuikagua, 1905 mkutano wao ukaikataa. Nairobi ipo sinagogi mpaka leo.

Kwahiyo mwisho wa siku dini iliisha?

Wengi wakawa kama wale wenzetu wa Idi hadi Idi. Mwaka mzima humuoni, ila ikifika Yom Kippur, siku ya kufunga na kutubu, masinagogi hayatoshi mpaka kumbi zinakodiwa. Chukua Sandy Koufax, mtoto wa Brooklyn, mrushaji mpira hatari wa besiboli, na wala hakuwa mtu wa ibada sana. 6 Oktoba 1965 fainali zinaanza, ni Yom Kippur, akasema leo sichezi. Akarusha mwenzake Drysdale badala yake, na timu yao ya Dodgers ikafungwa 8-2.