Fundi, Taa ya Theluji Imewaka: Majibu kwa Madereva wa Nchi za Baridi

Baridi imeanza kuuma na barua zimeanza kumiminika. Nyingi zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: ile alama ya theluji kwenye dashibodi inataka nini kwangu? Nimechagua chache. Mlioandika "haraka sana!!!" bila kutaja aina ya gari, mwaka wala mji mnaoishi, subirini kwanza.

Fundi, habari za kazi. Gari langu linapiga kengele na kuwasha alama ya theluji, nami nikitazama barabara naona kavu kabisa. Gereji wamesema sensa imekufa, nibadilishe. Nikubali? – Msomaji, Minneapolis

Usitoe hata senti. Sensa yako inafanya kazi. Wewe unadhani inatazama barabara, na barabara haijaiona tangu siku ilipofungwa. Kinachowasha hiyo taa ni kipimajoto kidogo kilichochomekwa nyuma ya bampa la mbele au chini ya kioo cha pembeni, na kazi yake ni kupima hewa tu. Hewa ikishuka hadi nyuzi 3 au 4 za Selsiasi, kutegemea kampuni (huko kwenu ni 37 hadi 39 za Farenhaiti), kengele inalia. Basi, imemaliza. Haijui kama lami ina maji, ina chumvi au ina vumbi.

Mtauliza kwa nini isisubiri sifuri, kwani maji huganda hapo. Kwa sababu lami inaweza kuwa baridi kuliko hewa. Usiku usio na mawingu barabara hutoa joto lake kwenda angani, na kufika alfajiri uso wa lami unaweza kuwa chini ya sifuri huku hewa kwenye bampa lako ikisoma 2 au 3. Waliotengeneza gari walilijua hilo, ndiyo maana taa inawahi. Inakuambia kwamba kuanzia hapa barafu inawezekana. Ipo au haipo, hiyo ni kazi ya macho yako na mguu wako.

Ukitaka kujua kama sensa imekufa kweli, soma namba asubuhi gari likiwa limelala nje, kabla hujawasha hita wala injini kupata moto. Ikilingana na hali ya hewa ya mtaani kwako, iache. Ikisoma -40 mwezi wa Julai, huo ni waya uliokatika au plagi iliyochomoka, na mara nyingi utakuta bampa liligongwa, likarudishwa, na aliyelirudisha akasahau kuchomeka. Na gereji inayouza sensa bila kupima, ihame.

Mimi yangu ni kinyume. Dashibodi ilisoma 41 za Farenhaiti, taa haikuwaka kabisa, na bado niliserereka juu ya daraja saa kumi na mbili asubuhi. Gari limenidanganya? – Mama wa watoto wawili, Columbus

Pole, mama, na shukuru Mungu mko salama. Gari halikudanganya. Lilikupa joto la hewa, nawe ulikuwa juu ya daraja. Barabara ya chini imelalia udongo uliohifadhi joto la mchana. Daraja halina udongo chini yake, upepo unalipiga juu na chini, kwa hiyo linapoa haraka na kuganda kwanza. Ndiyo maana Wamarekani wameweka vile vibao vya njano vya kuonya kwamba daraja huganda mapema, ambavyo watu wetu wanavipita kama matangazo ya soda. Joto la 41, yaani nyuzi 5, saa kumi na mbili asubuhi baada ya usiku mweupe wa nyota, si la kuliamini.

Halafu kuna hili. Ukiwa kwenye foleni, joto la injini linarudi mbele na kuichanganya sensa. Kwa hiyo magari mengi yamewekewa kompyuta inayokataa kubadilisha namba mpaka gari litembee kwa kasi fulani kwa muda. Ukitoka kwenye foleni, au kwenye gereji yenye joto, dashibodi inaweza kuendelea kukuonyesha joto la kule ulikotoka.

Ila taa kutowaka si hatari kubwa kuliko taa iliyowaka wiki nzima mpaka ikazoeleka. Tarehe 11 Februari 2021, alfajiri, mvua ya barafu ilianguka Fort Worth, Texas. Kwenye njia za kulipia za barabara ya I-35W, sehemu iliyoinuliwa juu kama daraja, magari zaidi ya 130 yaligongana na watu 6 wakafa. Hewa ilikuwa chini ya sifuri. Kila gari lenye taa hiyo lilikuwa na sababu ya kuiwasha, na magari yakaendelea kuja kwa kasi ya barabara kuu. Pia jueni kwamba barafu iliyo karibu na sifuri, yenye utando wa maji juu yake, inateleza kuliko ile ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Taa haitofautishi. Kwenu Ohio, ambako joto linapanda na kushuka kuvuka sifuri kila siku, ndiko kwenye kazi.

Taa ya gari lenye mistari ya kujipinda nyuma imewaka nikikata kona. Hiyo ndiyo ya barafu? – Msomaji, Winnipeg

Siyo. Ikimetameta, gari linakusaidia kwa sababu tairi limeshapoteza mshiko, punguza mwendo. Ikibaki imewaka moja kwa moja, mfumo una hitilafu au umeuzima mwenyewe kwa kidole. Kitabu cha gari kipo kwenye droo mbele ya abiria. Kifungue.

Kila asubuhi taa ya upepo wa matairi inawaka, nikitembea kidogo inazimika. Nimeamua kuipuuza. – Kijana wa Tanga, Edmonton

Hujauliza swali, umetangaza uzembe.

Hewa ikipoa hujikunyata. Kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi joto linaposhuka, tairi la gari dogo hupoteza takriban paundi moja ya upepo. Ulijaza 33 ndani ya gereji yenye nyuzi 20, ukatoka nje kwenye -10, una kama 28 bila tundu lolote. Ukitembea, tairi linapata joto, upepo unapanda, taa inazimika, nawe unaona mambo yamejirekebisha. Hayajajirekebisha. Magari ya soko la Marekani hayatakiwi na sheria kuwasha taa hiyo mpaka upepo upungue kwa asilimia 25 ya kipimo cha mtengenezaji, kwa hiyo ikiwaka ujue umeshachelewa. Jaza tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ya mwisho ambao tairi linavumilia. Acheni kujaza kwa hiyo.

Nimenunua SUV inayovuta matairi yote manne. Muuzaji amesema sihitaji tena matairi ya msimu wa baridi. Ni kweli? – Msomaji, Stuttgart

Hili ndilo nililokuwa nalisubiri.

Gari linalovuta kwa matairi manne linakusaidia kuondoka. Kusimama, kila gari duniani linatumia matairi manne, hata kile kigari cha bei poa cha jirani yako. Kwenye barafu shida ni kusimama. Chukua mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Kwenye lami kavu, ukikanyaga breki sawasawa, unasimama ndani ya mita 14 hivi. Kwenye barafu laini ambayo mshiko wake umebaki sehemu moja kati ya saba, unahitaji karibu mita 100. Na hizo ni mita za breki peke yake, sijahesabu ule muda wa kushtuka. SUV yako nzito haikupi punguzo. Inakupa tu ujasiri wa kufika kwenye kona ukiwa na kasi ambayo mwenye kigari angeiogopa.

Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7. Tazama hiyo namba: taa ya theluji inawaka kwenye 3 au 4, kwa hiyo matairi yako yalishaanza kuwa magumu kabla gari halijasema neno. Mtu anayesubiri taa ndipo akabadilishe matairi amechelewa, na foleni ya gereji atakayoikuta ni adhabu yake.

Wewe uko Ujerumani, kwa hiyo muuzaji huyo anakupeleka pabaya kisheria pia. Sheria ya huko haitazami kalenda, inatazama barabara: kukiwa na barafu, theluji au sakitu, lazima uwe na tairi linalokubalika. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, tairi lenye herufi M+S (matope na theluji) peke yake halitoshi tena. Linatakiwa liwe na mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na alama ya theluji ndani yake. Ukikamatwa bila hilo ni faini ya euro 60 na pointi moja kwenye daftari la makosa ya madereva kule Flensburg. Walioko Québec nao wana tarehe zao, 1 Desemba hadi 15 Machi, na hapo hakuna cha "barabara ilikuwa kavu".

Na jamani, matairi manne. Si mawili. Ukifunga mawili mbele, siku moja nyuma itakupita.

Kioo kikiganda asubuhi naweza kumwagia maji ya moto? – Msomaji, Oslo

Ukitaka kununua kioo kipya, mwagia.

Naendesha semi, lori la trela. Dispacha, yule anayetupangia safari, ananipigia simu kila nusu saa: mzigo lazima ufike Omaha. Taa imewaka, madaraja yanateleza. Nikisimama nahofia kazi. Unashauri nini? – Dereva, njia ya I-80

Simama, ndugu yangu. Kanuni za shirikisho la Marekani kwa magari ya biashara, kifungu 392.14, zinakutaka upunguze mwendo kukiwa na barafu, theluji au ukungu, na hali ikiwa mbaya kiasi cha kutosha, usitishe safari mpaka iwe salama kuendelea. Kwa hiyo husimami kwa kuwa mwoga, unasimama kwa kuwa unatii kanuni. Mwandikie dispacha kwa ujumbe, usimjibu kwa simu: mahali ulipo, saa, hali ya barabara, na namba ya kifungu. Ukishaandika hivyo utaona lugha yake inavyobadilika. Sheria pia inamlinda dereva asiadhibiwe kwa kukataa kuvunja kanuni za usalama, na hilo wenye kampuni hawalitangazi.

Ukiwa bado unatafuta mahali pa kusimama, zima kruzi, ule mfumo unaoshika mwendo wenyewe. Zima na breki ya injini, kwa maana matairi ya kuvuta yakikwama kwenye utelezi, trela itakuja ubavuni mwako. Tazama matairi ya magari ya mbele: kama barabara inaonekana imelowa lakini hayarushi maji, hayo si maji. Shusha kioo, upapase sehemu ya mbele ya kioo cha pembeni. Ukikuta barafu hapo, huenda na lami imeanza kuganda. Papasa mara nyingi; ni kipimo kizuri kuliko taa yako. Wala usisimame ukingoni mwa barabara kuu, maana atakayekugonga naye anateleza. Toka kabisa.

Fundi, shikamoo. Niko Makete. Gari langu limetoka Japani, na asubuhi za Julai linapiga kengele na kuonyesha maandishi ya Kijapani yenye alama ya theluji. Limekosea nchi? – Mwalimu

Marahaba, mwalimu. Halijakosea. Huko juu kuelekea Kitulo sakitu inaanguka Juni hadi Agosti, na wakulima wa viazi wanaijua kuliko gari lako. Linakuambia hewa imefika nyuzi kama 3, uangalie utelezi. Ardhi yenu huwa na joto la mchana la kutosha, kwa hiyo barafu ya kukaa barabarani si jambo la kila siku. Ukungu na tope la kona ndivyo vya kuogopa zaidi. Madaraja ya mbao yenye umande uliogandishwa, hayo yapite polepole.

Ila kagua matairi uliyopewa na gari. Magari mengi ya Japani hushuka Dar na Mombasa yakiwa na matairi ya theluji, wauzaji wanayasifu kuwa yana kashata nzito, na watu wanayatumia mpaka Singida mwezi wa kumi. Mpira wake ni laini kwa makusudi. Kwenye lami ya moto yanaisha haraka, na kwenye mvua ya nyuzi 30 breki zake ni za wasiwasi. Ukiona ubavuni kuna neno STUDLESS, yatoe. Na kama aliyekuuzia alikuhesabia kama "matairi mapya", mrudie akupunguzie bei.